Jinsi ya Kumtambua Konokono Mdogo wa Kina Kirefu cha Bahari kwa Gamba Lake

Mtu aliyezoea kutambua konokono wa ufukweni hutegemea zaidi rangi, madoa na umbo la jumla la gamba, na kwa konokono wa maji ya kina kifupi njia hiyo humfikisha mbali. Kwa konokono wadogo wa kina kirefu njia hiyo hiyo humpoteza. Chini ya mita 200, kiwango ambacho wanasayansi wengi hukihesabu kuwa mwanzo wa bahari ya kina kirefu, mwanga wa jua hautoshi tena kuotesha mwani, chakula kingi ni mabaki yanayoshuka polepole kutoka juu, na magamba mengi huwa meupe au ya kijivu, membamba, yasiyo na doa, na yenye urefu usiozidi milimita 10. Mengi hayafiki hata milimita 5. Isitoshe, maumbo machache yanayofaa maisha ya kwenye tope laini yamejirudia katika familia zisizo na udugu wa karibu, kiasi kwamba magamba mawili yanayofanana kabisa kwa macho yanaweza kuwa ya wanyama ambao nasaba zao zilitengana mamilioni mengi ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza hapa unaanza na ncha ya kilele, unakwenda kwenye ukingo wa mdomo, kisha kwenye urembo wa uso wa gamba, na kuliacha umbo la jumla hadi mwisho. Ninausisitiza mpangilio huu kwa sababu makosa mengi ya utambuzi huanza pale mtu anapopata jina kwa kulitazama gamba zima mara moja, halafu akazitafuta alama ndogo ili zikubaliane na jina ambalo tayari amelichagua.

Maneno machache yatajirudia. Mzunguko ni zamu moja kamili ya gamba kuuzunguka mhimili wake, na mshono ni mstari unaotenganisha mzunguko mmoja na unaofuata. Mdomo ni uwazi anaotokea mnyama. Ukingo wake wa nje ndio sehemu changa kuliko zote za gamba. Nguzo ni mhimili imara wa katikati, unaoonekana kwa upande wa ndani wa mdomo, na kitovu ni tundu lililo chini ya gamba pembeni mwa nguzo hiyo. Mfereji ni sehemu ya chini ya mdomo iliyorefuka, ambamo konokono wengi walao nyama hupitisha mrija wa kuvutia maji. Mkuku ni ukingo mkali unaolizunguka gamba. Kifuniko ni kibamba ambacho konokono hukitumia kuziba mdomo anapojirudisha ndani.

Kabla ya hadubini

Gamba lisilo na taarifa za mahali lilikotoka limekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake. Andika latitudo na longitudo, tarehe, aina ya chombo kilichotumika kulikusanya, na kina cha mwanzo na cha mwisho cha mkokoto. Kina hicho cha pande mbili ni muhimu, kwa kuwa chombo kinachokokotwa kwenye mteremko kinaweza kugusa sakafu kwenye mita 900 na kuinuliwa kwenye mita 600, na konokono husika anaweza kuwa ametoka popote kati ya hapo. Andika pia alikutwa juu ya nini. Konokono wadogo wenye gamba la umbo la kofia wa familia ya Cocculinidae huishi juu ya magogo yaliyozama, wale wa jenasi ya Addisonia huishi ndani ya vifuko vitupu vya mayai ya papa na taa, na konokono wa familia ya Eulimidae ni vimelea vya viumbe kama kiti cha pweza na jongoo wa baharini. Mara nyingi taarifa ya kwamba gamba lilipatikana kwenye gogo, mfupa wa nyangumi au mwili wa kiumbe mwingine hupunguza orodha ya familia zinazowezekana kuliko kipimo chochote.

Kama mnyama bado yumo, usimtoe kwa nguvu. Mweke katika ethanoli yenye nguvu ya asilimia 95 au zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoruhusu vinasaba vyake kuchunguzwa baadaye, na kamwe usitumie formalini isiyopozwa asidi yake, maana asidi hiyo huanza kulila gamba. Gamba tupu lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi hadi chumvi yote itoke, na tope lililoganda lisuguliwe taratibu kwa brashi laini ya kuchorea. Siki na asidi nyingine yoyote zisikaribie kabisa: gamba ni kaboneti ya kalsiamu, na urembo wa uso wenye upana wa mikromita chache huondoka kabla mtu hajaona povu. Mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti hutoa matope vizuri sana, lakini gamba lenye ufa mdogo huvunjika ndani ya sekunde chache. Zitumie kwa magamba ambayo unayo mengine yanayofanana nayo. Kulihamisha gamba, tumia ncha ya brashi iliyoloweshwa kidogo badala ya kibano cha chuma, kwani gamba la milimita mbili likibanwa hupasuka au huruka na kupotea.

Je, aliishi huko chini?

Swali hili huachwa mara nyingi, nalo ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza. Mashapo ya kina kirefu hupokea magamba kutoka juu. Kuna konokono ambao huelea majini maisha yao yote, na wanapokufa magamba yao hunyesha hadi sakafuni, ambako huchanganyika na ya wenyeji. Konokono wa jenasi ya Limacina wana gamba dogo, jembamba, la kung'aa, linalozunguka kuelekea kushoto. Wale wa jenasi ya Atlanta wana gamba bapa linaloonyesha upande wa pili, lenye mkuku mwembamba sana kwenye mzunguko wa mwisho. Mgeni wa kazi hii anaweza kuwahesabu wote kuwa spishi za sakafuni. Mikondo ya tope inayoporomoka kwenye miteremko hubeba magamba ya maji ya kina kifupi hadi mbali, na kaa waishio ndani ya magamba ya konokono huyahamisha pia. Zaidi ya hayo, miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa zama za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa zaidi ya mita 100, hivyo gamba lililochakaa linalopatikana leo kwenye mita 250 linaweza kuwa la konokono aliyeishi pale pakiwa na kina kifupi zaidi na maji baridi zaidi.

Dalili za mwenyeji ni hizi: kifuniko au mwili uliokauka umo ndani, utando wa juu wa gamba bado upo, na ukingo wa mdomo haujachakaa. Gamba lenye uso wa chaki, lenye mashimo ya kuyeyuka na kilele kilicholiwa, lichukuliwe kuwa ushahidi dhaifu wa mahali mnyama alikoishi. Lakini hapa pia pana tahadhari. Magamba mengi ya konokono yameundwa kwa aragonaiti, aina ya kaboneti ya kalsiamu ambayo katika maji ya kina huyeyuka mapema kuliko aina nyingine iitwayo kalsaiti, hivyo hata konokono aliye hai anaweza kuwa na kilele kilicholiwa na maji. Konokono wa jenasi ya Provanna, waishio kwenye chemchemi za maji moto na penye mivujo ya gesi chini ya bahari, mara nyingi hukutwa wakiwa hai huku kilele chao kimeharibika.

Kuliweka sawa na kulipima

Liweke gamba kilele kikiwa juu, mhimili ukiwa wima, na mdomo ukikuelekea wewe. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, gamba ni la kulia, kama yalivyo magamba mengi sana. Ukiwa upande wa kushoto, ni la kushoto, na hapo hapo umepata dokezo kubwa, kwani familia ya Triphoridae, yenye magamba membamba marefu yaliyojaa vinundu, karibu yote huzunguka kushoto. Ukifanya kazi kwa picha uliyotumiwa, hakikisha kwamba haikugeuzwa kama kioo kinavyogeuza.

Pima urefu kutoka ncha ya kilele hadi chini kabisa ya mdomo, na upana kwa mstari unaoukata mhimili kwa pembe mraba. Pima pia urefu wa mdomo peke yake, kwa kuwa uwiano wa mdomo kwa urefu wote ni kipimo kinachotumika sana katika maelezo ya spishi. Idadi ya mizunguko ihesabiwe kwa kulitazama gamba kutoka juu: chora mstari wa kufikirika unaopita mahali kiini cha kilele, yaani ncha ya mwanzo kabisa ya gamba, kinapoanza kuzunguka, kisha hesabu ni mara ngapi gamba linarudi kwenye mstari huo hadi kufika ukingo wa mdomo, na sehemu inayobaki uikadirie kwa robo. Vipimo vya kilele viandikwe kwa mikromita, navyo vinahitaji hadubini yenye mizani ndani ya lenzi iliyosawazishwa kwa kila ukuzaji. Ukuzaji wa mara 10 hadi 40 unatosha kwa hatua nyingi.

Gamba jeupe linalopitisha mwanga huficha urembo wake. Mwanga utoke upande mmoja, ukiwa chini sana, ili kila mstari utupe kivuli; tone la wino unaoyeyuka majini, likiwa limechanganywa na maji mengi, huingia kwenye mifereji midogo ya uso na kuidhihirisha, na baadaye huoshwa. Piga picha nne: ya mdomo, ya mgongo, ya ubavu unaoonyesha ukingo wa mdomo, na ya kilele kutoka juu. Picha ya ubavu ndiyo ambayo watu husahau, ilhali kwa makundi mengi ya kina kirefu ndiyo inayoamua.

Kilele: historia ya utotoni

Mizunguko ya kwanza kabisa ya gamba hujengwa na mtoto akiwa ndani ya yai na akiwa lava, yaani mtoto aliyetoka kwenye yai ambaye bado anaelea majini, kabla hajaanza maisha ya sakafuni. Sehemu hii huitwa gamba la awali. Haibadiliki tena baada ya hapo, hubaki kwenye ncha ya kilele kwa maisha yote ya mnyama, na katika nafasi ya nusu milimita au milimita moja hueleza mambo ambayo gamba lililobaki haliwezi kuyaeleza. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya gamba dogo inayostahili muda mwingi zaidi.

Kwanza tafuta mahali linapoishia. Huwa kuna mstari, wakati mwingine mkali kama kovu, ambapo urembo wa uso hubadilika ghafla: laini huwa na mbavu, au wavu mdogo hugeuka kuwa mistari mikubwa. Kisha hesabu mizunguko yake. Gamba la awali lenye mizunguko mingi, kwa kawaida kati ya miwili na nusu na mitano, lenye kiini kidogo sana na mara nyingi lenye rangi ya kahawia hata gamba lote likiwa jeupe, ni la lava aliyekula planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, na kuelea kwa muda mrefu. Ukingo wake huishia kwa pindo lililopinda, alama ya umbo la mdomo wa lava huyo. Gamba la awali lenye mzunguko mmoja hadi miwili tu, lenye kiini kikubwa kilichovimba, ni la mtoto aliyeishi kwa kiini cha yai na ambaye hakula planktoni.

Tofauti hii ina uzito mara mbili. Ni dalili ya uenezi: vipimo vya isotopu za oksijeni (aina za oksijeni ambazo uwiano wake hufuata joto la maji) katika magamba ya awali vimeonyesha kwamba lava wa baadhi ya konokono wa kina kirefu hupanda hadi maji ya juu yenye joto kisha hurudi kushuka, jambo ambalo mimi huliona kuwa la ajabu kila ninapofikiria umbali wenyewe, na linaloeleza kwa nini spishi moja inaweza kupatikana pande mbili za bahari kuu. Pia ni dalili ya spishi: magamba mawili yanayofanana kila mahali ila moja lina kilele cha mizunguko mingi na jingine kilele cha mizunguko michache yachukuliwe kuwa ya spishi mbili hadi ushahidi mwingine upatikane. Usiitumie, hata hivyo, kutenganisha jenasi. Jenasi moja inaweza kuwa na spishi za aina zote mbili.

Baada ya idadi, tazama mwelekeo. Katika familia za Pyramidellidae, Mathildidae na Architectonicidae, gamba la awali limelala kwa pembe, au hata limegeuka juu chini, dhidi ya mhimili wa gamba la ukubwani. Ukiona kilele kinachoonekana kulala ubavu, umeondoa familia nyingi kwa mtazamo mmoja. Mwisho, tazama uso wake. Katika familia ya Raphitomidae, ambayo ina spishi nyingi sana katika kina kirefu, gamba la awali la lava mla planktoni lina wavu wa mistari ya mshazari inayokatana, wenye kupendeza mno chini ya hadubini ya elektroni na unaoonekana hata kwa hadubini ya kawaida iwapo mwanga umewekwa vizuri. Kwa upande mwingine, konokono wa kundi la kale lenye familia kama Seguenziidae, Solariellidae na Skeneidae wana gamba la awali la takribani mzunguko mmoja tu, kwa kuwa lava wao hawali planktoni.

Kama kilele kimevunjika au kimeliwa, andika hivyo waziwazi, na ukubali kwamba utambuzi wako utaishia ngazi ya juu zaidi. Magamba machanga ya spishi hiyo hiyo kutoka sampuli ile ile mara nyingi huwa na kilele kizima, hivyo usiyatupe.

Ukingo wa mdomo na yaliyo karibu nao

Kwanza, je, ni gamba la mtu mzima? Mtoto wa konokono mkubwa, mwenye milimita nne, hufanana sana na spishi ndogo, na orodha za zamani zina majina yaliyotolewa kwa watoto. Ukingo ulionenepa, uliopinduka nje au wenye meno kwa ndani ni dalili ya utu uzima. Ukingo mwembamba hauthibitishi utoto, kwa kuwa wengi wa Raphitomidae hawanenepeshi ukingo wao hata wakikomaa. Hapo linganisha idadi ya mizunguko na magamba mengine ya sampuli.

Kisha ligeuze gamba ubavu, utazame kama ukingo una pengo. Konokono wa kundi la Conoidea, wenye sumu, wana pengo sehemu ya juu ya ukingo wa nje, ambapo uchafu hutolewa nje, na hata ukingo ukivunjika, umbo la pengo hilo limeandikwa kwenye mistari ya ukuaji nyuma yake, inayopinda kufuata mahali pengo lilipokuwa. Pengo lililobanana na mshono, lenye umbo la herufi L iliyogeuzwa, huelekeza kwenye Raphitomidae. Pengo lililo kwenye mteremko kati ya mshono na bega, yaani kona ya juu ya mzunguko, huelekeza kwenye familia nyingine kama Mangeliidae au Borsoniidae. Katika Turridae kwa maana finyu, pengo liko kwenye mkuku wenyewe wa mzunguko. Mimi huufuata mstari mmoja wa ukuaji kwa ncha ya penseli kwenye picha iliyochapishwa, kutoka mshono hadi chini, kwa sababu jicho hudanganyika kwa urahisi na vivuli vya mbavu.

Mpasuko mwembamba, wenye kovu la mistari miwili sambamba linalouzunguka mzunguko nyuma yake, ni alama ya Anatomidae na jamaa zao, ambao magamba yao mara nyingi hayafiki milimita 5. Seguenziidae nao wana mapengo zaidi ya moja kwenye ukingo, mikuku mikali, na chini ya tabaka la nje lililo jembamba mno hung'aa lulu. Mng'ao huo wa lulu, ukiutafuta kwenye sehemu iliyovunjika au ndani ya mdomo, hukuweka moja kwa moja kwenye makundi ya kale ya konokono na kukuondolea mamia ya jenasi. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu: Skeneidae, wadogo, weupe, wenye mdomo wa duara, kwa kawaida hawana lulu, na imebainika kwamba jina hilo lilikuwa limekusanya nasaba zisizohusiana kwa karibu.

Nguzo itazamwe kwa kuligeuza gamba kidogo ili kuona ndani. Mikunjo ya mshazari kwenye nguzo, bila pengo kwenye ukingo wa nje, hupatikana kwa Cancellariidae. Mkunjo mmoja kama jino, pamoja na kilele kilicholala ubavu, kwa Pyramidellidae. Kitovu kipana, kilichofunikwa nusu na sugu nene, katika gamba la mviringo lililo laini, ni dalili ya Naticidae. Na kama kifuniko kipo, kithamini kuliko unavyolithamini gamba: kifuniko cha duara chenye mizunguko mingi, cha umbo la jani, cha chokaa au cha dutu kama kucha, kila kimoja kina familia zake, na hata kukosekana kwake kwa mnyama aliyekusanywa hai ni taarifa, kama ilivyo kwa wengi wa Raphitomidae.

Urembo wa uso

Hapa si pa kukaa sana. Eleza mbavu za wima na nyuzi za kuzunguka kila moja peke yake: ni ngapi kwenye mzunguko wa mwisho, zinaanzia wapi, zinafika kitovuni au zinaishia begani, na zinapokatana zinafanya vinundu au zinapitana tu. Mbavu nyembamba zilizosimama kama bapa, pamoja na mdomo wa duara, ni za Epitoniidae. Vidoti vilivyopangwa ndani ya mifereji ya kuzunguka ni vya Acteonidae. Gamba laini kabisa, la kung'aa, jembamba, mara nyingi lililopinda kidogo upande mmoja, ni la Eulimidae. Jihadhari na idadi: hesabu ya mbavu hubadilika kati ya gamba na gamba katika spishi moja, na mtu mwenye gamba moja tu hawezi kujua tofauti aliyoiona ni ya spishi au ya mnyama mmoja.

Mfano mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Chukua gamba tupu la milimita 6, lililotoka kwenye tope la mita 1,400. Ni jeupe, jembamba, limechongoka pande zote mbili, na mdomo wake ni karibu nusu ya urefu wote. Kwa umbo hilo peke yake lingeweza kuwa la familia nne au tano. Kilele ni cha kahawia, kina mizunguko mitatu na nusu, na mwanga wa pembeni unaonyesha wavu wa mshazari. Picha ya ubavu inaonyesha pengo refu lililogusa mshono, na mistari ya ukuaji inathibitisha umbo hilo kwenye mzunguko mzima wa mwisho. Nguzo ni laini, haina mikunjo. Hapo Raphitomidae imethibitika kwa alama mbili zisizotegemeana, na hiyo ndiyo kanuni ninayoishika: familia isiandikwe kwa alama moja.

Kwenda kwenye jenasi, angalia bega, mbavu na upana wa mfereji, kisha linganisha na jenasi za kina kirefu kama Pleurotomella na Gymnobela. Ugumu unaanza hapa, kwa kuwa mipaka ya jenasi hizi iliwekwa kwa magamba, na uchunguzi wa vinasaba umekuwa ukiibadilisha. Kama kilele cha gamba hilo kingekuwa laini chenye mzunguko mmoja na nusu, Raphitomidae isingeondolewa, maana spishi zisizo na lava wa planktoni hukosa wavu. Uzito wote ungehamia kwenye umbo la pengo.

Kufika kwenye jina

Majina mengi ya konokono wa kina kirefu yalitolewa katika karne ya 19. Robert Boog Watson alieleza konokono wa safari ya kisayansi ya meli ya Challenger ya mwaka 1872 hadi 1876 katika ripoti iliyotoka mwaka 1886. John Gwyn Jeffreys na William Healey Dall walieleza wengine wengi wa Atlantiki. Michoro yao ni mizuri, lakini mara nyingi haionyeshi gamba la awali kwa kiwango kinachohitajika leo, hivyo panapowezekana tafuta picha ya kielelezo asili, yaani gamba lile lile ambalo jina lilitolewa kwalo. Vielelezo hivyo vinaweza kuwa mahali usipotarajia: mkusanyo wa Jeffreys, aliyekuwa Mwingereza, uko kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Kwa upande wa Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, marekebisho ya Philippe Bouchet na Anders Warén yaliyotoka kuanzia mwaka 1980 yalivirudia vielelezo vingi vya aina hiyo kwa hadubini ya elektroni, na kwa eneo hilo sijui pa kuanzia palipo bora zaidi.

Jina la zamani litafutwe kwa neno lake la pili, la spishi, kwa sababu jenasi hubadilika. Waandishi wa zamani walijaza jenasi ya Pleurotoma kwa spishi ambazo leo zimetawanyika katika familia nyingi. Mwisho wa neno hilo la pili nao unaweza kubadilika kufuata jinsia ya jenasi mpya, kutoka -us kuwa -a au -um, hivyo jaribu zote. Hazina ya MolluscaBase huonyesha jina linalokubalika sasa pamoja na yale yaliyoachwa. Mabano yanayozunguka jina la mtunzi yana maana: spishi ilitolewa kwanza ikiwa chini ya jenasi nyingine.

Ukishalinganisha, andika kiwango cha uhakika ndani ya jina lenyewe. Jina la jenasi likifuatwa na «sp.» linasema kwamba spishi haikutambuliwa. «cf.» kabla ya neno la spishi linasema kwamba gamba linafanana na spishi hiyo lakini kuna kitu hakijathibitishwa, na «aff.» linasema kwamba liko karibu nayo ila unaamini si yenyewe. Chini ya jina, taja alama ulizozitumia na alama zilizokosekana, kwa mfano kwamba kilele kimeliwa au ukingo umevunjika, ili anayekuja baada yako ajue aanzie wapi bila kurudia kazi yote. Gamba lililoandikwa «Raphitomidae, kilele kimeharibika» lina manufaa kwa mtafiti. Lililoandikwa jina kamili la kubahatisha huingia kwenye orodha, hupanua ramani ya spishi isiyohusika, na huchukua miaka kuondolewa.

Lebo iandikwe kwa penseli au wino usiofifia, kwenye karatasi isiyo na asidi, nayo ikae ndani ya chombo pamoja na gamba. Chombo kiwe kidonge kitupu cha jelatini au kichupa kidogo cha plastiki imara, ndani ya droo ya chuma. Epuka vizibo vya gome, maboksi ya kadibodi ya kawaida na makabati ya mbao, hasa ya mwaloni, kwani mvuke wa asidi unaotoka humo hulivika gamba unga mweupe wa chumvi na kulila taratibu, na katika gamba la milimita tatu wavu wa kilele ndio unaotoweka kwanza. Likague kila baada ya miezi michache. Ukiona unga huo, lioshe kwa maji safi, likaushe kabisa, na ulihamishie kwenye chombo kingine.